Maji ya Mwali wa Chilangala

Safari nzima ilitugharimu shilingi arobaini na moja na senti thelathini, pamoja na ngozi ya magoti mawili ya mwalimu. Fedha nilizihesabu mimi, tena mara mbili, kwa sababu hesabu ya kwanza ni ya matumaini na ya pili ndiyo ya kweli. Magoti hayakuhitaji mhasibu. Kila mtu aliyaona.

Miaka ile bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Masasi, lakini watu walikuwa wameanza kuitazama kama unavyomtazama mgeni aliyekwisha kunywa chai, akala na muhogo, na bado hajaulizia kofia yake. Sokoni, kati ya bei ya chumvi na bei ya samaki wakavu, mtu aliweza kutia neno moja juu ya nchi kuwa yetu, kisha akarudi kwenye chumvi kama hakusema kitu. Mimi nilikuwa pale kila siku, binti wa miaka kumi na saba hivi kutoka Lisekese, nikiuza pamoja na shangazi yangu. Nilisikia yote. Masikio hayalipi ushuru wa soko.

Mwalimu ninayemsema alikuwa kijana mwembamba, kaptula yake imepigwa pasi hata siku ya Jumamosi, mjukuu wa wale watu wa misheni walioletwa Masasi baada ya kukombolewa utumwani. Alikuwa na wazo lake. Likizo ya kiangazi alitaka kuwakusanya vijana kumi na kuwapeleka wakaone kwa macho mahali ambapo nchi hii ilipigwa, ikaumia, ikasimama tena. Alisema nchi haipendwi kwa kusimuliwa, lazima uikanyage. Watu wazima walitikisa kichwa kwa heshima, wakauliza nani atapika.

Alikuja kwetu kununua samaki wa safari, shangazi akamtajia bei ya kwanza, naye akalipa. Akalipa hivi hivi, na kushukuru juu yake. Mimi nilitazama chini kwa aibu, kama mtu aliyeona mwenzake ametoka nje bila shati. Mtu anayelipa bei ya kwanza si wa kukabidhiwa watoto wa watu awapeleke mpaka Newala. Nadhani shangazi naye aliona hivyo, maana mwalimu aliporudi siku ya pili kuomba nipewe ruhusa niwe mtunza mfuko na chakula, hakukataa. Alihakikisha kwanza kwamba kuna msichana mwingine katika msafara, binti wa mhudumu wa kanisa. Kisha akamwambia mwalimu kwamba sisi ni Waislamu, nitakula changu na kuswali pangu, na kwamba ananikabidhi mzima na atamdai mzima. Mwalimu akaitikia kila sharti. Hata hapo hakupatana bei.

Tukaanza karibu, chini ya mlima wa Mtandi, kwenye makaburi ya watu wa mwanzo wa misheni. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi na beseni kichwani bila kugeuza shingo. Siku ile mwalimu alitusimamisha mbele ya kaburi moja dogo, akavua kofia, akasema huyu ni bibi mzaa baba yake. Aliuzwa akiwa mtoto, akauzwa tena, akakombolewa pwani, akatembea mpaka hapa kuanza kijiji na watu ambao kila mmoja alikuja na lugha yake. Kijana mmoja mrefu, golikipa wa timu ya mtaani, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, aliufunga.

Kutoka hapo tukapata lori lililokuwa likipeleka mabati Chidya. Dereva alitaka nauli ya watu kumi na watatu. Nikamwonyesha kwamba mabati yake hayakufungwa vizuri, na kwamba watu kumi na watatu wakiyakalia hayatapeperuka, kwa hiyo tukitazama haki, yeye ndiye angetulipa sisi. Tulimaliza kwenye nusu. Mwalimu alinitazama kama alivyokuwa akiyatazama makaburi, kwa heshima na hofu kidogo. Chidya tulilala darasani kwa hisani ya watu wa pale, na alfajiri tukaanza kuupanda uwanda wa Makonde kwa miguu, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua na vumbi jekundu likitupanda mpaka magotini.

Newala tulilitazama boma la Mjerumani. Karani mmoja mpole alituruhusu tulizunguke kwa nje. Kuta ni nene kiasi kwamba mbuzi angeweza kulala ndani ya dirisha. Mwalimu alieleza jinsi Wareno walivyovuka Ruvuma wakati wa vita vya kwanza wakalikalia, Wajerumani wakalitwaa tena, kisha Mwingereza akaja akalikuta halina mwenyewe. Golikipa akasema, kwa sauti ya mtu aliyetembea siku nzima, kwamba basi tumekuja kuona ukuta ambao wageni walinyang'anyana.

Nilidhani mwalimu atakasirika. Akatuambia tuweke viganja juu ya mawe, wote. Yalikuwa na joto la jua.

"Chokaa hii ilichomwa na nani?" akauliza. "Mawe haya yalipandishwa kichwani mwa nani? Mjerumani alisema neno moja tu, 'Jenga.' Yaliyobaki yote ni yetu."

Mikono ilikaa ukutani muda mrefu kuliko alivyotuagiza. Hata golikipa alikuwa akilipapasa jiwe lake taratibu, kama anamtafuta babu yake humo ndani.

Jioni tukasimama ukingoni pale wanapopaita Shimo la Mungu, ambapo uwanda unakatika ghafla na ardhi inaanguka chini, na mbali kabisa unaona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake nchi ya Mreno. Sina maneno ya mahali pale. Naweza kusema tu kwamba mahali pazuri vile, na hakuna mtu aliyeweka hata kimeza cha kuuza karanga.

Tulikuwa tukae Newala siku mbili, lakini mwenye nyumba tuliyolala alitaka kulipwa upya kwa usiku wa pili, nami nikakataa. Ndiyo maana tulifika Chilangala siku moja kabla ya siku tuliyotarajiwa. Kule mwalimu alikuwa na rafiki aliyesoma naye, ambaye alikuwa safarini lakini alituelekeza kwa dada yake, mjane mwenye nyumba pana na shamba la mikorosho. Tulikuta bibi mmoja mzee sana, mama mkwe wa mwenye nyumba, ameketi kwenye mkeka akichagua kunde kwa vidole, kwa sababu macho yalikuwa yamekwisha. Tukapiga shikamoo kwa mkupuo. Akaitikia marahaba moja ndefu iliyotutosha wote, akasema mwenyeji wetu amekwenda kuazima sufuria, twende tukapumzike nyuma kivulini.

Nyuma ya nyumba palikuwa na mitungi miwili mikubwa, imefunikwa kwa sahani, na kata ya kifuu imening'inizwa juu yake.

Lazima nieleze jambo hapa. Masasi, mtungi ukiwekwa nje na kata yake, maana yake ni moja tu: mgeni, nawa. Na vijana wa misheni wamefundishwa tangu utotoni kwamba kuingia nyumba ya mtu na vumbi ni kumtukana. Kwa hiyo mwalimu, kwa adabu zote alizozaliwa nazo, alituamuru tujisafishe kabla mwenye nyumba hajarudi. Vijana hawakungoja amri ya pili. Waliosha miguu, wakaosha vichwa, golikipa akaosha na ukosi wa shati. Mimi nilikuwa nimeshaosha mguu mmoja tuliposikia sauti ya bibi kutoka mbele ya nyumba.

"Nani anamwaga maji?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyesikia mbuzi analia juu ya paa. Na ndipo nilipoangalia chini na kuona kuku wa nyumba ile wote, na wa jirani, wanakuja mbio kunywa kwenye matope yetu.

Mwenye nyumba alirudi na sufuria kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkakamavu, na siku hiyo mtaa wote ulikuwa umekwisha kuanza kumwita Mama Mwali, nasi tulimwita hivyo hivyo. Aliishusha sufuria. Akafunua mtungi wa kwanza, akafunika. Akafunua wa pili, akafunika. Akamwuliza mwalimu tumetoka wapi, mwalimu akasema Masasi, mama. Akauliza kama huko kwetu kuna mto. Mwalimu akasema kipo kijito. Mama Mwali akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia dalili aliyoitegemea.

Akatueleza taratibu, na nafikiri utaratibu wake ndio ulioniuma. Uwandani hakuna maji. Bomba la serikali lilikuwa halijafika upande ule. Maji ya kiangazi yanafuatwa chini ya mteremko, kwenye chemchemi, na mitungi ile miwili ilikuwa kazi ya siku kadhaa. Binti yake alikuwa ndani tangu wiki nyingi, mwali, na alfajiri ya kesho alikuwa atolewe: aoshwe na somo wake, yule aliyemfunda, apakwe mafuta, avikwe khanga mpya, aonyeshwe watu. Maji ya kumwosha lazima yawe ndani ya nyumba kabla ngoma haijapigwa jua likizama, kwa sababu ngoma ikishalia, mtu wa nyumba hiyo hashuki tena bondeni. Na kuomba jirani usiku ule, hodi kwa hodi, haiwezekani. Waimbaji wana wimbo wa mwali aliyeoshwa kwa maji ya kuomba. Kuna mama nyumba ya tatu kutoka pale, akasema, alitungiwa wimbo huo siku aliyotolewa yeye, na sasa ana wajukuu, na wajukuu wanaujua.

Hapo ndipo nilipofanya kazi niliyoletewa. Nilitoa mfuko, nikampa pole, nikaanzia senti hamsini kwa kila mtungi. Sokoni unaanzia chini, si kwa ubaya, ni heshima ya mazungumzo. Nikapanda shilingi. Nikapanda mbili, na moyo wangu ukapanda nazo. Akanisogelea, akaufunga mfuko wangu kwa mkono wake mwenyewe.

"Binti," akasema, "zichukue shilingi zako umwoshe nazo mwali, nione."

Nimepatana bei na Wahindi, na Waarabu, na wanawake wa Lindi ambao wanaweza kukuuzia kivuli chako. Sijawahi kufungwa mdomo namna ile.

Mwalimu hakuomba radhi kwa maneno mengi. Aliuliza bondeni ni mbali kiasi gani, na kama mtu akiondoka sasa hivi atakuwa amerudi kabla ya ngoma. Mama Mwali akatazama jua, akatutazama miguu, akasema labda. Mwalimu akavua soksi zake ndefu, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya mkeka wa bibi, akainama kuunyanyua mtungi.

Vijana wakanong'ona. Golikipa akakohoa na kusema, kwa adabu, kwamba kuchota maji ni kazi ya wanawake.

"Na kuyamwaga ilikuwa kazi ya nani?" akauliza bibi kutoka mkekani, bila kuacha kunde zake.

Mama Mwali alimnyang'anya mwalimu mtungi. Alisema hawezi kupoteza maji na mitungi siku moja. Wanaume akawapa madebe na vibuyu alivyovikusanya ndani na uani. Mtungi mwingine mdogo, alioutoa ndani, akanitwika mimi, akisema huyu angalau shingo yake inajua kubeba. Nilijivuna mpaka tulipofika ukingoni nikaona njia.

Njia ile imechimbwa na nyayo. Sijui namna nyingine ya kusema. Mahali pengine ni ngazi ndani ya udongo mgumu, kila kidato kimelika katikati kama kiti cha mzee, na pembeni ni kichaka kilichofumana kiasi kwamba panya angeingia kwa kuomba ruhusa. Tulishuka mmoja mmoja, Mama Mwali mbele na mwalimu nyuma yake. Tukakutana na wanawake wakipanda na mizigo yao ya maji. Walisimama wakatupisha, wakawatazama vijana wetu na madebe vichwani, mmoja baada ya mwingine, hawaishi.

"Mama Mwali," akasema mmoja wao, "leo umeolewa na wangapi?"

"Hawa si waume," akajibu bila kugeuka. "Hawa ni mitungi."

Kicheko chao tulikisikia mpaka tulipopinda kona. Nami nikasema moyoni kwamba mwanamke ambaye jina la binti yake liko hatarini, na bado ana nguvu ya kuchekesha watu njiani, huyo siwezi kumpunguzia hata senti.

Katikati ya mteremko kuna kona yenye jiwe pana. Mama Mwali alisimama pale. Akashusha debe lake, akaweka kiganja juu ya mdomo wake, yaani mdomo wa debe, akanyamaza. Mimi nilifikiri amechoka. Golikipa akaanza kuuliza kitu, Mama Mwali akamwashiria kwa kidole anyamaze. Tukasimama hivyo, watu wengi kwenye njia nyembamba, tukisikia upepo na ndege mmoja. Kisha akajitwika debe tena.

Mwalimu akamwuliza tumengoja nini.

Alisema hajui kama tumengoja kitu. Ni mahali pa kusikilizia. Kila mwanamke anayeshuka husimama pale, huziba chombo chake ili upepo usivume ndani yake, husikiliza, kisha huendelea. Mama yake alifanya hivyo, na mama wa mama yake ndiye aliyekuwa na sababu. Zamani zile watekaji walikuwa wanakaa bondeni, karibu na maji, kwa kuwa walijua kila mtu atakuja kunywa. Aliyejenga karibu na mto alichukuliwa. Ndipo wazee walipopanda huku juu kwenye kichaka na ukame.

"Walichagua kiu," akasema Mama Mwali. "Kiu unaweza kuishi nayo. Wanaume walitangulia na mikuki, wanawake katikati, wakifika hapa wanasikiliza. Wakisikia kitu, wanarudi bila maji. Siku nyingine walirudi bila maji siku tatu mfululizo. Lakini walirudi."

Mwalimu alikuwa ameshika debe lake kwa mikono miwili. Akasema bibi yake alikamatwa akichota maji. Alikuwa mtoto, ametumwa na mama yake, na kitu pekee alichokikumbuka cha kwao kilikuwa kibuyu chake kikielea kinakwenda zake na mto.

Mama Mwali alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Pole, mwanangu," akasema. "Yeye hakuwa na mlima."

Hatukuambiwa tuweke viganja popote. Lakini nilimwona golikipa, alipofika kwenye lile jiwe, anashusha debe lake, analiziba mdomo, anasikiliza. Na aliyemfuata akafanya vilevile, na aliyemfuata, mpaka mimi. Nilisikiliza. Sikusikia mtu. Nilisikia tu jinsi palivyo kimya mahali ambapo watu hawakukamatwa, na kifua kikanijaa kitu ambacho mbele ya boma hakikunijaa hivyo. Kama mtu angeniuliza siku ile nchi yangu iko wapi, ningemwonyesha kona hiyo.

Chemchemi yenyewe haijivuni. Ni shimo kwenye mwamba ambalo maji huingia polepole kama mdaiwa anayeleta malipo. Wanawake waliokuwa wakingoja zamu, waliposikia ni maji ya mwali, walitupisha bila neno. Tukayachota kwa kata, kwa subira, tukifunika kila debe kwa majani mabichi ili yasiruke njiani, na jua likashuka huku tukilitazama.

Kupanda sitakueleza. Aliyepanda anajua, na asiyepanda atadhani natia chumvi. Nitasema la mwalimu tu. Karibu na juu, kidato kilimvunjikia mguuni. Mtu yeyote mwenye akili anayeanguka hutanguliza mikono. Yeye mikono ilikuwa juu, imeshika debe, na hakuishusha. Alianguka kwa magoti mawili juu ya changarawe, akakaa pale kama anasali, maji yakatikisika, yakatulia, hayakumwagika hata tone. Golikipa alitaka kumpokea. Akakataa, akasimama, akapanda hivyo hivyo damu ikimchuruzika mpaka kwenye viatu. Nilimsamehe bei yote ya samaki.

Tulifika uani watu wakiwa wanakausha ngozi za ngoma kwenye moto. Tukamimina. Mtungi wa kwanza ukajaa. Wa pili ukafika begani, na madebe yakaisha. Mama Mwali akaingiza mkono ndani, akapima kwa kiganja chake. Nilikuwa nataka kumwambia panatosha, mtu mmoja anaoga kwa kiasi hicho, hata wawili. Nilikuwa nimeshaifanya hesabu. Lakini niliuona uso wake nikajua kwamba mwali haoshwi kwa kiasi cha kutosha. Anaoshwa kwa mtungi uliojaa. Na jua lilikuwa limegusa mikorosho.

Kwenye uzio walikuwa wamejaa majirani. Walikuja kwa ajili ya mwalimu: habari ya mwanamume wa kaptula aliyepanda mlima kwa magoti ilikuwa imetutangulia. Walicheka waliyokuja kucheka. Kisha yule mama wa nyumba ya tatu, mwenye wimbo wake, akaondoka kimya. Alirudi na kata ya maji, akaivusha ua, akaimimina ndani ya mtungi wa pili.

"Nilikuwa napita tu," akasema, ingawa nyumba yake iko upande mwingine.

Akafuata mwingine, naye alikuwa anapita tu. Akaja mwingine. Hakuna aliyeombwa, na Mama Mwali hakufungua mdomo. Alisimama tu akiushika mtungi ukingoni kama unaweza kukimbia. Tisa walipita. Niliwahesabu, na sina haja ya kusema mara ngapi. Wa tisa alipomaliza, maji yalikuwa yanalamba mdomo wa mtungi, ukaingizwa ndani, na ngoma ikalia.

Alfajiri mwali alitolewa. Alikuwa ameinamisha uso, mabega yanang'aa mafuta, na shingoni palikuwa na matone ambayo hayajakauka. Waimbaji walimwimbia maji yake mengi, na mama yake alisikiliza wimbo wote mpaka mwisho ameshika tama, kisha akacheza kama msichana. Ubeti mmoja ulikuwa wa magoti ya mwalimu. Alitabasamu kama mtu aliyepewa nishani.

Wakati wa kuaga nilimsogelea Mama Mwali kando. Nilikuwa na fedha iliyobaki, na dhamiri ya mfanyabiashara inataka kufunga hesabu. Nikasema, mama, maji tuliyomwaga tumeyarudisha kasoro yale ya majirani, kwa hiyo hapo tunadaiwa. Ataje yeye bei, mimi sipunguzi.

Alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka.

"Maji ya kuomba ungeyalipa, yakaisha," akasema. "Haya sikuyaomba, kwa hiyo hayalipwi kwa shilingi. Nyumba tisa, mwanangu, na mimi miguu yangu ni miwili. Kiangazi kijacho nyumba ile pale inatoa mwali, na ile ya nyuma yake inatoa wawili. Basi nilipeni hivi: mrudi mnishukie bondeni. Mwalimu awalete na vijana wengine, wapite pale pa kusikilizia. Ila safari hiyo kila mtu aje na chombo chake."